SOMO LA VIJANA: DANIELI HAKUFUNGA ILI AKONDE

Usomaji: Danieli 1:8-16

Katika toleo hili tunaongea juu ya jambo linalosumbua kwaya zetu.

Vijana wengi, hasa mabinti, wanataka kupunguza mwili. Wengine wameona picha kwenye simu, wengine wanachekwa na wenzao. Mtu asishangae kwamba hata hapa katika makazi ya Nakivale, ambapo familia nyingi zilipunguziwa msaada wa chakula mwaka 2023, wapo vijana wenye uzito uliozidi. Posho, mafuta na chai yenye sukari nyingi vinaweza kumnenepesha kijana huku damu yake ikiwa pungufu.

Sasa baadhi ya mabinti wanashinda na maji tu hadi jioni, nao wanaita hiyo funga ya Danieli. Tusome vizuri. Danieli na wenzake watatu waliomba mboga na maji kwa siku 10 kwa sababu hawakutaka kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme wa Babeli. Haikuwa habari ya kiuno. Tena walikula, hawakulala njaa. Na mstari wa 15 unatuambia kwamba mwishoni walionekana wazuri na wanene kuliko vijana waliokula chakula cha mfalme. Wanene! Anayetaka kukonda asimwite Danieli awe shahidi wake.

Hatusemi kwamba kupunguza uzito ni dhambi. Uzito uliozidi huleta presha na kisukari. Lakini mwili wa kijana bado unajengwa. Mtoto wa miaka 13 ambaye bado anarefuka, mara nyingi hahitaji kupoteza kilo. Uzito ukisimama pale ulipo, urefu utaufikia. Aliyemaliza kukua apunguze polepole, nusu kilo kwa juma inatosha. Anayeacha kula hupoteza maji na misuli, na akirudia sahani yake uzito nao unarudi. Binti anayeona siku zake anapoteza damu kila mwezi. Akikosa chakula atapata kizunguzungu na kuchoka, na masomo yatamshinda.

Cha kuacha kwanza ni soda. Chupa ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko 8 vya chai. Halafu mandazi na rolex za kila siku. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya unga ina 4 tu, kwa hiyo mama apime mafuta kwa kijiko, asimimine kutoka kwenye chupa. Nusu ya sahani iwe dodo (sisi tunaiita lengalenga) au sombe iliyotwangwa na kuchemshwa sana, robo iwe posho, robo maharage au mukene. Tunajua sombe bila mawese ni huzuni kwa Mkongo. Weka, lakini kijiko, si kikombe. Chai inywewe baadaye, kwa maana inazuia madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharage; limau au pera huyasaidia.

Vidonge vya sokoni tunavikataa. Vya kuharisha vinaondoa maji, si mafuta. Na vile vya kunenepesha, ambavyo wengine huwapa mabinti kabla ya harusi, baadhi ni deksamethasoni, dawa inayovimbisha uso na kupandisha presha na sukari. Aliyeitumia muda mrefu asiache ghafla, aende kwanza kituo cha afya.

Wazazi, msimwite mtoto tembo mbele ya wageni. Mwachieni binti naye nafasi ya kucheza mpira. Mwili wa kijana unahitaji dakika 60 za mwendo kila siku. Akizimia, au siku zake zikikatika, mpelekeni kwa daktari.

Kwa funga ya kanisa inayokuja, wazee wamekubaliana kwamba aliye chini ya miaka 18 atakula uji nyumbani kabla ya kuja kwenye maombi.