Mshubiri Kwenye Kopo

Mshubiri wa nyumbani hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Toboa kopo chini, changanya udongo na mchanga, uweke penye mwanga. Mwagilia udongo ukishakauka kabisa.

Ukikata jani, lisimamishe kwanza utomvu wa manjano uchuruzike. Huo ndio ule uchungu wenyewe, nao huendesha tumbo vibaya. Mama mjamzito asiunywe, wala mtoto asinyweshwe, hata jirani ausifu vipi!

Ute wa ndani hutuliza ngozi iliyoungua kidogo, baada ya kuipoza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Mtoto akiungua sana, mpoze hivyo hivyo, msimpake kitu, mpelekeni zahanati.