Mashine Isizimwe: Mafunzo ya Miaka 24 kwenye Gari la Friji

Bungu kuna baridi. Mtu wa Korogwe mjini akipanda kwetu mwezi wa Julai bila sweta, huanza kujikunyata kabla hajafika Dindira. Nilizaliwa ndani ya ukungu huo, na utotoni nilidhani baridi ni kitu cha bure, kinachoshuka chenyewe alfajiri juu ya mashamba ya chai. Nilikuwa nimeshaoa na nina watoto watatu nilipoanza kulipwa mshahara wa kuilinda.

Niliendesha gari la friji kuanzia 1993 hadi 2017. Miaka mingi nilibeba minofu ya sangara kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, baadaye maziwa, na mara mojamoja kuku na siagi. Sasa nimestaafu. Jumamosi nikishuka Korogwe huwa tunakaa wazee watatu wa usukani: mimi Msambaa wa Bungu, mwenzangu Mzigua wa Handeni, na mwingine Mbondei wa Muheza. Vijana wanaotusogelea hutuuliza habari za ajali na za posho. Habari za mlango wa nyuma hawaulizi, na kazi yetu yote ilikuwa nyuma ya mlango ule. Ndiyo maana naandika.

1. Mashine haigandishi mzigo, inaulinda tu

Hili ndilo la kwanza, na wengi wanastaafu hawalijui. Watu huona ile mashine inanguruma juu ya kichwa cha tela wakadhani ina nguvu ya kugandisha chochote kitakachopakiwa. Haina. Kazi ya kugandisha ni ya kiwanda. Kuta za tela ndizo huzuia joto la nje lisiingie, na mashine ya gari imeundwa kuondoa lile dogo lililopenya. Ukipakiwa samaki wa nyuzi 18 chini ya sifuri, utafika nao hivyo. Ukipakiwa wa nyuzi 9 chini ya sifuri, utahangaika nao njia nzima, na maboksi ya katikati yatafika na nyuzi zilezile au mbaya zaidi.

Safari yangu ya tatu ilinifunza kwa uchungu. Tulipakia usiku, kila mtu ana haraka, nikatazama saa ya mashine tu. Ilisoma vizuri kabisa, kumbe inapima hewa, haipimi samaki. Tulipofungua Dar es Salaam mpokeaji alichoma sindano ya kipimo katikati ya boksi, akanitazama bila kusema neno. Karatasi ya mzigo ilikuwa na sahihi yangu. Tangu siku ile sikuweka sahihi mahali popote kabla sijachoma sindano mimi mwenyewe, boksi la mlangoni, la katikati na la mwisho kabisa, hata wapakiaji wakininunia.

2. Iachie hewa njia

Boksi lisiguse dari, mzigo usibanwe ukutani, na mifereji ya sakafuni isizibwe kwa makaratasi. Upepo wa baridi unatoka mbele juu, unapita hadi mlangoni, unashuka na kurudi kwa chini. Ukiuziba njia, mbele kutaganda na nyuma kutayeyuka. Tajiri anayekushinikiza uongeze maboksi 50 juu ya mstari mwekundu wa kikomo cha mzigo anakuongezea hasara, na ni wajibu wa dereva kumwambia hivyo kwa adabu huku amesimama mbele ya mlango.

3. Mafuta ya mashine hayauzwi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wenzangu wengi walipoanguka, na sikuwa mbali nao.

Mashine ya friji ina tangi lake la dizeli, mbali na la gari. Kwa hesabu yangu ilikuwa inakula kama lita tatu kwa saa, zaidi ukipita Dodoma mchana. Kwa siku ni lita 70 na ushee. Kwa safari ya Mwanza hadi Dar es Salaam, ya zaidi ya kilomita 1,100, na enzi zile barabara ya Singida hadi Dodoma ni vumbi na mashimo, unazungumzia siku tatu au nne. Kila unapopaki usiku kuna watu wanakusubiri gizani na madumu na mpira wa kunyonyea. Hawakutishi. Wanakuita kaka, wanakuuliza habari za nyumbani. Mshahara umechelewa, mtoto karudishwa nyumbani kwa ada. Unaambiwa: zima kwa saa sita tu, usiku kuna baridi, nani atajua?

Kwenye magari ya wakati ule kulikuwa na kisanduku chenye karatasi ya duara. Kalamu ndogo ilikuwa inachora mstari kuzunguka karatasi ile, saa kwa saa, kuonyesha jotoridi la ndani. Mstari ukipanda ghafla kama mlima, umekamatwa. Basi wajanja walijifunza kuinua ile kalamu. Mmoja wetu alizima kutoka Singida hadi karibu na Dodoma, akawasha tena, akafika na karatasi safi na samaki wagumu kama mawe. Alinisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, machozi yakimlenga. Maboksi yalipofunguliwa, chini ya kila boksi kulikuwa na bamba la barafu la rangi ya waridi. Samaki akiyeyuka hutoa maji yake. Akiganda tena polepole, barafu ndani ya nyama huwa ya chembe kubwa zinazochana nyuzi za nyama, na akipikwa anakuwa kama pamba. Karatasi ile aliweza kuidanganya, samaki hakuweza. Mzigo wote ulikataliwa, naye hakupata tena gari la kuendesha.

Mimi nami nilishawahi kushika dumu mkononi. Sitasema ni wapi. Kilichonizuia ni sauti ya mashine yenyewe, nilipofikiria nitakavyolala pale kimya kikishaingia. Nikarudisha dumu. Nawaambia vijana ukweli huu kwa sababu dereva anayedai hakujaribiwa hatamsaidia mwenzake usiku ule utakapofika.

4. Wembere ilinifundisha kuacha mlango umefungwa

Mvua za Elnino za 1997 na 1998 anazikumbuka kila aliyekuwa barabarani. Sisi zilitukuta kwenye mbuga ya Wembere, kati ya Igunga na mlima Sekenke. Mbuga ile ni udongo mweusi. Ukikauka ni saruji, ukilowa ni uji. Tulikwama usiku nyuma ya foleni ya malori na mabasi, tukakaa siku nne. Nyuma yangu kulikuwa na tani 20 za samaki.

Utingo wangu alikuwa kijana mwema, mwenye wasiwasi. Kila asubuhi alinijia: "Kaka, tufungue kidogo tu, tuone kama bado wameganda." Nikamjibu kwamba tukifungua tuone, tutakachokiona ndicho tutakachokuwa tumekiharibu. Mzigo ulioganda sawasawa, ukabanana pamoja, unajilinda wenyewe. Kila boksi linampoza jirani yake. Joto la mbugani likiingia kwa dakika tano, mashine itahangaika saa nzima kulitoa.

Siku ya tatu tangi la mashine likawa linakwisha. Tulivuta dizeli kwa mdomo kutoka tangi la gari, na utingo akatapika kutwa. Siku ya nne dereva wa lori tupu lililokuwa mbele yetu akatuuzia madumu mawili kwa bei ileile aliyonunulia. Hakuongeza hata shilingi. Sikuwahi kukutana naye tena. Akina mama wa vijiji vya jirani walituletea viazi na uji wa moto. Tulipofika Dar es Salaam sindano ilisoma nyuzi 17 chini ya sifuri. Utingo akaketi kwenye ngazi ya gari akalia, nami nikamwacha alie.

5. Soko la mbali hufungwa bila dereva kuulizwa

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya kuenea habari za uvuvi wa kutumia sumu. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameshazuia kwa sababu ya kipindupindu. Magari yakalala Mwanza miezi, vijana wa viwandani wakarudishwa makwao. Nilirudi Bungu kulima maharage. Nikaelewa kwamba ajira yangu ilishikiliwa na uaminifu wa watu nisiowajua, akiwemo mvuvi wa upande wa pili wa ziwa.

6. Baridi ikizidi nayo inaharibu

Niliporudi kijijini nilidhani najua kila kitu kuhusu baridi. Nesi mmoja akaomba lifti kwenye gari la jamaa yangu, nami ndiye niliyekuwa naendesha, akiwa na kisanduku cha chanjo. Kwa kutaka kumsaidia nikamwambia aongeze barafu. Akanikataza: "Baba, hizi zikiganda nimebeba maji." Akanieleza kwamba chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwamba zipo, kama ya pepopunda, ambazo zikishaganda haziponi, hata zikiyeyuka zikaonekana nzima. Wana namna ya kuitikisa chupa na kuiangalia inavyotulia, ili kujua kama iliwahi kuganda.

Baadaye nikayaona hayohayo kwenye mazao. Ndizi hazivumilii chini ya nyuzi 13, ganda linakuwa la kijivu. Nyanya mbichi ya Lushoto ukiichukulia kama samaki haitaiva kamwe. Kila mzigo una baridi yake. Dereva anayetega mashine namba moja kwa mizigo yote hajaijua kazi.

7. Usiingie ndani peke yako

Mlango ukibamizwa na upepo, ndani ni giza, na kelele za mashine humeza sauti yako. Hakikisha kitasa cha ndani kinafanya kazi, na mtu abaki nje. Sina la kuongeza hapa, ila naomba lishikwe.

8. Maziwa hayasubiri

Miaka yangu ya mwisho nilibeba maziwa, na mwenzangu Mzigua aliyabeba kabla yangu. Yeye ndiye mwalimu wangu katika hili. Samaki aliyeganda anakupa siku. Maziwa ya moto kutoka kwa ng'ombe yanakupa saa chache tu, maana vijidudu vyake huzaliana maradufu kila baada ya nusu saa au chini ya hapo, hadi uyafikishe nyuzi 4. Handeni wafugaji huanza kuyaleta alfajiri kwa baiskeli na pikipiki, wengine wametoka mbali. Pale kituoni yanapimwa kwa spiriti na kwa kipimo cha uzito, kisha yanamwagwa kwenye tangi la baridi. Dumu moja lililochacha likipita, limeharibu jasho la wafugaji wote waliotangulia. Mwenzangu alikuwa ananusa kila dumu, hata kama kazi hiyo haikuwa yake. Kisha ni Mkata, daraja la zamani la Wami lililopitisha gari moja kwa wakati, na Dar es Salaam kabla jua la kesho yake halijachomoza.

9. Nilipitisha chakula mbele ya watu waliokihitaji

Hili halihusu mashine, lakini ndilo ninalolifikiria zaidi sasa.

Sisi Wasambaa tumelelewa na habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, upande wa Handeni na Kilindi, akapanda milimani na nyama. Aliigawa, watu wakampa chakula cha shambani, na mwisho wakamfanya mfalme wao huko Vuga. Nyama ya Mbegha haikuweza kungoja, kwa hiyo iliwafikia watu wa karibu.

Nyama yangu mimi iliweza kungoja. Ilipita Nzega, ikapita Manyoni, ikapita Chalinze, ikapanda meli. Mwanza nilikokuwa napakia, watu wengi walinunua mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kukatwa. Siilaumu mashine. Aliyeibuni ile ya magari, Frederick McKinley Jones, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Cincinnati mwaka 1893 na kukua bila wazazi, alitaka chakula kisioze njiani, na kufikia mwisho wa miaka ya 1930 alikuwa ameipata. Ni kazi kubwa mno. Ninachosema ni kwamba baridi ilijengewa njia ya kutoka, haikujengewa njia ya kuingia. Hapa Bungu, msimu wa parachichi na matunda damu, akina mama hubeba matenga hadi barabarani. Mvua ikiikata barabara ya kushukia Korogwe siku mbili, matenga yale yanamwagwa. Nimebeba baridi miaka 24, na kijiji changu hakina chumba kimoja cha baridi cha kuwekea mazao. Nimelisema kwenye mkutano wa kijiji mara mbili, na nitalisema tena.

10. Sikio halistaafu

Mgongo wangu umechoka na goti la kushoto, la klachi, linauma ukungu ukishuka. Lakini sikio bado liko kazini. Jirani yetu ana duka lenye friji ya soda na maziwa, ukutani karibu na dirisha langu. Umeme ukikatika usiku, mke wangu haamki. Mimi naamka, kwa sababu ya kile kimya. Mwezi uliopita ulikatika saa nane. Nilivaa koti, nikawasha tochi, nikamgongea kijana wa duka. Akatoka nusu usingizi: "Babu, kuna nini?" Nikamwambia asifungue friji hadi umeme urudi, na akina mama wa maziwa waambiwe mapema. Akaitikia. Nikakaa pale kibarazani kwake hadi saa kumi na moja, mashine ilipoanza kunguruma tena, ndipo nikarudi kulala.