Methali kama Hoja: Mjadala wa Mashabiki kuhusu Uamuzi wa Francis Ngannou

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mapema kwamba methali ni hekima ya wahenga. Katika shule ya upili huombwa aeleze maana ya methali, kisha atunge kisa kinachoithibitisha. Zoezi hilo lina manufaa yake, lakini limetuachia mazoea mabaya. Tunaichukulia methali kuwa hukumu, ilhali katika mazungumzo halisi methali ni hoja, na hoja hujibiwa. Makala hii inanuia kulidhihirisha jambo hilo kwa kurejelea uwanja ambao wahakiki wetu huupitia mbali, yaani mabishano ya mashabiki wa michezo kuhusu mpiganaji Francis Ngannou wa Kameruni.

Usuli wa Mjadala

Ngannou alizaliwa mwaka wa 1986 huko Batié, magharibi mwa Kameruni. Akiwa mtoto alifanya kazi katika machimbo ya mchanga. Ndoto yake ya kwanza ilikuwa ndondi. Mwaka wa 2012 aliondoka kwao, akavuka jangwa la Sahara hadi Moroko, akaingia Uhispania, na mwaka wa 2013 akafika Paris, alikolala nje kwa kukosa makao. Huko ndiko alikoshawishiwa kujaribu mapigano ya mseto, mchezo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kukabana. Mnamo Machi 2021 alimshinda Stipe Miocic na kuutwaa mkanda wa uzani wa juu wa UFC, kampuni kubwa kuliko zote katika mchezo huo. Januari 2022 aliutetea dhidi ya Ciryl Gane.

Januari 2023 njia zikapanda. Rais wa UFC, Dana White, alitangaza kwamba Ngannou alikuwa amepewa mkataba ambao ungemfanya alipwe kuliko mpiganaji yeyote wa uzani huo katika historia ya kampuni, na kwamba alikuwa ameukataa. Ngannou kwa upande wake alieleza kwamba aliomba mambo zaidi ya fedha: bima ya afya kwa wapiganaji, uhuru wa kutafuta wadhamini wake mwenyewe, na mtu wa kuwasemea wapiganaji katika vikao vya wakubwa. Hakuyapata. Akaondoka akiwa bingwa, na mkanda ukaachwa wazi.

Methali Zinavyokabiliana

Uamuzi huo uliwagawa mashabiki. Waliomlaumu walikuwa na methali yao tayari: usiache mbachao kwa msala upitao. Mkanda alikuwa nao mkononi. Ndondi ilikuwa msala wa wapita njia. Waliomtetea walijibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tukizitazama kwa makini, methali hizi hazipingani juu ya jambo moja. Ya kwanza inapima uamuzi kwa kile kinachoweza kupotea. Ya pili inaupima kwa kile kinachotafutwa. Ya tatu haipimi chochote. Inamnyang'anya msemaji haki ya kupima. Kwa hiyo mlumbi stadi si yule anayezijua methali nyingi, bali yule anayetambua mwenzake amesimama wapi kabla ya kumjibu.

Mei 2023 Ngannou alijiunga na PFL, kampuni shindani. Mkataba wake ulimruhusu kupigana ndondi, ukampa uenyekiti wa tawi la Afrika, na ukaweka sharti kwamba mpinzani wake alipwe si chini ya dola milioni 2. Oktoba 28, 2023, mjini Riyadh, alipanda ulingoni na Tyson Fury, akamwangusha katika raundi ya tatu, kisha akashindwa kwa uamuzi uliowagawa majaji. Usiku mmoja tu, na methali ya mbachao ikanyamaza. Machi 8, 2024, katika mji uo huo, Anthony Joshua alimmaliza katika raundi ya pili. Mbachao ukarudi, safari hii ukiandamana na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa katika kibanda cha chai karibu na lango la chuo. Mwenzangu mmoja, ambaye Oktoba alikuwa mtetezi wa kuinama mvunguni, sasa alitangaza kwamba alijua tangu mwanzo. Mama mwuza chai alisikiliza, akauliza kijana huyo alikuwa nani kabla ya kupigana. Tukamweleza habari ya mchanga. Akasema, "Wanangu, nyinyi mnahesabu amepigwa mara ngapi. Mtu aliyebeba mchanga wa watu huhesabu siku ambazo hatumwi."

Hakutumia methali hata moja, lakini alikuwa amelisahihisha kosa letu sote. Sisi tulikuwa tukichagua methali baada ya kuyaona matokeo. Uamuzi ulifanywa Januari 2023, wakati ambapo hakuna aliyejua habari ya Fury wala Joshua. Ikiwa uamuzi ulikuwa wa busara siku hiyo, ngumi ya Joshua haiwezi kuugeuza kuwa upumbavu; na ikiwa ulikuwa wa kipumbavu, kuanguka kwa Fury hakukuutia busara.

Oktoba 19, 2024, Ngannou alirejea katika mapigano ya mseto na kumshinda Renan Ferreira katika raundi ya kwanza. Mashabiki wakaikumbuka methali nyingine: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hapakosekani methali ya kumfuata mshindi.

Hitimisho

Makala hii haidai kwamba methali hazina ukweli. Inadai kwamba ukweli wake hutegemea anayesema, anayejibiwa, na hasa wakati wa kusema. Methali inayotolewa kabla ya tendo ni ushauri, na msemaji anaweza kuumbuka. Inayotolewa baada ya tendo mara nyingi ni pambo la matokeo. Tunapowapa wanafunzi methali moja na kuwataka waithibitishe kwa kisa, tunawazoeza aina hiyo ya pili peke yake. Yafaa tuwape pia methali mbili zinazokinzana na mtu aliye njia panda, tuwatake waamue kabla ya kuujua mwisho. Huko ndiko methali hufanya kazi yake, na huko ndiko wengi wetu tunakoelekea tukimaliza masomo.

Maswali ya Mjadala

1. Taja jozi mbili nyingine za methali zinazokinzana. Je, kila jozi inapima jambo moja au mambo tofauti?
2. Chunguza mabishano uliyoyasikia kuhusu mchezo wowote. Ni methali zipi zilitolewa kabla ya matokeo, na zipi baada yake?