SOMO LA WIKI: Fonti mpya, na bei zako zisomeke

Mfanyabiashara anayejitengenezea orodha ya bei, ankara au kipeperushi hupenda kuongeza fonti mpya, yaani aina ya herufi, kwenye kompyuta yake ili kazi ivutie. Si vibaya. Ila kwa muuzaji, kitu cha kwanza kukagua si herufi bali tarakimu.

Andika sifuri kando ya herufi O, na 1 kando ya l ndogo na I kubwa. Zikifanana, fonti hiyo haifai kuandikia namba ya akaunti au ya malipo kwa simu. Kisha andika 1,111,000 na chini yake 8,888,000. Zikitofautiana urefu, safu ya bei itapinda na jumla itasomeka kwa shida.

Chukua Georgia, iliyochorwa na Matthew Carter na kutolewa na Microsoft mwaka 1996. Tarakimu zake hupanda na kushuka: 6 na 8 huinuka, 3, 4, 5, 7 na 9 huning'inia chini ya mstari. Katika maelezo inapendeza. Katika safu ya bei inachosha macho. Verdana, ya mchoraji huyo huyo na ya mwaka huo huo, ina tarakimu za kimo kimoja na upana mmoja. Basi vichwa vya habari viwe Georgia, bei ziwe Verdana. Kwa kawaida zote mbili zimo tayari katika Windows na Mac, kwa hiyo hazina gharama. Fonti mbili zinatosha kwa ukurasa mmoja. Ya tatu ni pambo tu.

Ukitaka nyingine, faili huishia na .ttf au .otf. Katika Windows, lifungue furushi, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kuingiza. Katika Mac, bonyeza mara mbili. Jina lisipoonekana, funga programu uifungue upya. Makusanyo ya zamani ya Type 1 usiyanunue hata kwa bei ya kutupa: Adobe iliacha kuyapokea katika programu zake Januari 2023.

Soma leseni pia. "Bure" mara nyingi ni kwa matumizi ya nyumbani, si ya biashara. Source Sans na Source Serif za Adobe zina leseni huria inayoruhusu biashara, nazo zimechorwa ziende pamoja.

Hasara kubwa hutokea kwa mpiga chapa. Faili la Word kwa kawaida halisafiri na fonti zake. Kompyuta yake ikiikosa fonti yako, huweka nyingine. Upana hubadilika, mstari hukatika, na bei ya sukari huangukia kwenye mchele. Mpelekee PDF iliyobeba fonti ndani yake, na udai nakala moja ya kukagua, tarakimu kwa tarakimu, kabla hujalipia 1,000.