Dondoo muhimu: Pampu inayoendeshwa na pumzi ya injini

Kwenye injini ndogo za ndege kama Rotax 503, pampu ya petroli haihitaji umeme. Pistoni ikipanda na kushuka, shinikizo ndani ya kasha la krankishafti hubadilika kama pumzi na kutikisa kiwambo cha pampu. Injini ikikosa nguvu wengi hukimbilia kabureta; mimi huanza na mpira unaopitisha pumzi hiyo. Uwe mfupi, mgumu, usio na ufa: mpira laini hutanuka na kumeza msukumo. Funga pampu juu kuliko tundu la kasha, oili isituame ndani ya pampu, tena mbali na joto na mtetemo wa injini. Petroli ikipungua wakati wa kupaa, pistoni huchemka hadi kukwama.