Usikimbilie Kufomati

Wenye saiba na studio za video, kuanzia Kisii mjini, Keroka hadi Nyamira, hii mnaijua. Kompyuta inafungua eCitizen na kuchapisha stakabadhi kutwa nzima bila neno. Jioni unaanza kumnakilia mteja video ya harusi, GB 200, na katikati ya kazi skrini inageuka buluu, au mashine inazima yenyewe. Fundi anasema ni Windows, lipia fomati. Ngoja kwanza.

1. Piga picha ya skrini kwa simu. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR maana yake Windows iliomba data kutoka kwenye diski, ikaikosa. Ujumbe ukikupita, fungua Event Viewer, sehemu ya System. Namba 7 yenye jina «disk» ni sehemu mbovu ya diski. 129 ni diski iliyoitwa ikachelewa kuitika. Kernel-Power 41 isikutishe: inasema tu kwamba mashine ilizimika ghafla, haisemi kwa nini.

2. Weka CrystalDiskInfo, ni ya bure, kisha utazame mistari mitatu: 05, C5 na C7. Namba za miwili ya kwanza zikizidi kupanda, diski inakufa. Hamisha kazi za watu leo leo, na usianze na chkdsk /r, maana kuisomesha diski mgonjwa kutoka mwanzo hadi mwisho kunaweza kuimaliza kabla hujaokoa kitu. Lakini C7 ikipanda peke yake, mshukiwa wa kwanza ni waya wa SATA, ambao bei yake haifiki ya fomati. Andika ile namba kwenye karatasi kabla ya kubadilisha waya, kwa sababu hairudi chini. Unachotaka ni isimame palepale.

3. Umeme. Diski ya nje isiyo na adapta yake hunyonya stima kwenye USB, kwa hiyo ichomeke nyuma ya kompyuta, si mbele wala kwenye kigawanyio. Mashine nyingi za ex-UK zimekuja na pawa saplai iliyochoka tayari, na radi za huku kwetu haziihurumii. Azima nzima kutoka kompyuta nyingine ujaribu. Mvua ya alasiri ikianza kunguruma, usianzishe kazi ya saa mbili bila UPS.

4. Vumbi. Walio karibu na wachongaji wa Tabaka wanajua unga wa mawe ya sabuni ulivyo laini: hupenya hadi kwenye feni. Fungua kava, upulize. Diski ikipita nyuzi 55 na kompyuta yako imefungiwa kwenye kabati la mbao, itoe humo.

5. RAM. Wengi huisahau hii. Faili kubwa linaponakiliwa, Windows hutumia RAM iliyo wazi kama akiba, ndipo kipande kibovu ambacho kazi ndogo hazikukigusa kinapofikiwa. Acha MemTest86 ikimbie usiku kucha kutoka kwenye flashi. Kosa moja tu latosha kuhukumu.

6. Wa Linux: acha dmesg -w wazi unaponakili, uone kosa linapotokea.

7. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha unakili faili lile lile. Ukibadilisha waya, RAM na pawa saplai kwa mpigo, mashine itapona na hutajua ni kipi cha kutupa. Yote yakiwa safi na bado inazima, sakinisha upya draiva ya kidhibiti cha diski. Fomati ifuate hapo.