Raia na Habari za Simu

Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907 ikipitia Ngerengere, na kwa miaka mingi habari za mbali zilikwenda kwa mwendo wa gari moshi. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme huchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Lakini habari haiingoji hata hiyo. Humfikia mkulima wa Uluguru simuni kabla hajashika jembe.

Je, raia ana haki gani juu ya habari? Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 yampa kila mtu uhuru wa maoni na wa kutafuta habari, tena haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Neno “wakati wote” halikuwekwa kuwa pambo. Siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, katikati ya machafuko, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Uvumi haukuzimika pamoja nayo. Ulihamia midomoni, na njia nyingi za kuupima zilikuwa zimefungwa. Husemwa kwamba kuzima mitandao hulinda amani. Sisi twaona kuwa mtu aliye gizani huogopa zaidi, na mwoga huamini lolote.

Hata hivyo mwenye simu naye aulizwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, ilimwekea mtu anayetangaza uongo kwa kujua, kwa nia ya kupotosha umma, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, ama vyote viwili. Ni sheria kali, na wengi wameilalamikia kwamba yaweza kumfumba mdomo hata msema kweli.

Basi tuseme umeletewa ujumbe kwamba fedha za zahanati ya kijiji zimeliwa. Usiusambaze, wala usiufute ukanyamaza. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na hapo mapato na matumizi husomwa: simama, uliza. Ukijibiwa nusunusu, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 yakuruhusu kuomba taarifa ofisini, nayo ofisi yapaswa kujibu katika siku 30. Ombi liandikwe, litiwe tarehe, na nakala yake ibaki nyumbani.